Mgeni Njoo, Mwenyeji Aombe

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, shule za sekondari za Tanzania huingia katika msimu wa mahafali ya kidato cha nne. Maturubai husimamishwa uwanjani, viti vya plastiki hukodiwa, meza kuu hupambwa maua, na mshereheshaji hushika kipaza sauti tangu asubuhi akiwasihi wazazi wavute subira kwa kuwa mgeni rasmi yuko njiani. Mgeni akifika, itifaki huzingatiwa. Skauti humvisha skafu, wanafunzi humwonyesha majaribio ya maabara waliyoyafanyia mazoezi wiki nzima, kwaya huimba, risala husomwa, hotuba hutolewa, harambee hufuata, vyeti hugawiwa, keki hukatwa, na meza kuu huongozwa kwenda kula. Jua linapoelekea kuzama, mtu aliyesema machache kuliko wote katika siku hiyo ni yule ambaye siku hiyo imepewa jina lake, yaani mwanafunzi anayehitimu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shule zetu zimeugeuza usemi huo. Mgeni anakuja, mwenyeji anaomba. Hoja ya makala haya ni moja, nami naitoa bila kuizungusha: sherehe za shule na semina zinazoitwa za kuwajenga wanafunzi zimekuwa shule ya pili, na somo linalofundishwa humo ni unyonge. Ndani yake kijana hujifunza kuwa hadhira katika jambo lake mwenyewe, hujifunza kuomba kile anachostahili kudai, na hujifunza kujilaumu kwa upungufu ambao hakuusababisha. Somo hili halimo katika mtaala wowote, lakini hufaulu vizuri kuliko hisabati.

Tuanze na risala, kwa sababu ndiyo moyo wa shughuli nzima. Kwa jina ni risala ya wahitimu. Kwa desturi iliyozoeleka huandikwa na mwalimu, hupitiwa na mkuu wa shule, kisha hutafutwa mwanafunzi mwenye sauti nzuri aisome. Mpangilio wake unajulikana hata kwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria: shukrani kwa Mwenyezi Mungu, shukrani kwa mgeni kwa kuacha majukumu yake mengi, historia fupi ya shule, mafanikio, changamoto, maombi. Changamoto zenyewe hazibadiliki: walimu wa sayansi na hisabati hawatoshi, wasichana hawana bweni, maji yako mbali, uzio haupo, maabara ina kuta lakini haina vifaa. Katika shule nyingi risala ya mwaka huu ni ile ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe na jina la mgeni.

Ndani ya risala hiyo kuna sentensi moja ambayo ingetosha kusimamisha sherehe yoyote katika nchi inayojali. Ni ile inayosema kwamba wahitimu hawa walipoanza kidato cha kwanza walikuwa idadi fulani, na leo wanaohitimu ni pungufu, wengine wakiwa wamekoma kwa sababu ya utoro, ujauzito, uhamisho na sababu nyinginezo. Sikiliza kwa makini inaposomwa. Kundi zima la vijana hufukiwa katika pumzi moja, kisha msomaji hugeuza ukurasa. Hakuna anayeuliza majina yao. Hakuna anayeuliza wanaishi wapi na wanafanya nini leo. Mgeni rasmi hajibu sentensi hiyo. Hujibu ile ya uzio, kwa mifuko ya saruji.

Na mgeni rasmi ni nani? Mara nyingi ni mbunge, mkuu wa wilaya, diwani, mkurugenzi wa halmashauri au afisa wa ngazi fulani serikalini. Kwa maneno mengine, ni mtu ambaye upungufu wa walimu na wa bweni uko katika orodha ya kazi zake, au za ofisi iliyo jirani na yake. Huyu ndiye anayesomewa changamoto kana kwamba ni habari mpya. Naye, badala ya kueleza ofisi yake ilipanga nini katika bajeti, ilitekeleza nini na ilikwama wapi, hutoa mkono mfukoni. Anaahidi tarakilishi mbili, mipira mitatu na kiasi fulani cha fedha taslimu. Makofi, vigelegele, wimbo wa kumshukuru. Wajibu umegeuzwa hisani mbele ya vijana mia mbili waliovaa majoho, na hao vijana, ambao katika somo la uraia wamefundishwa haki na wajibu, wameona kwa macho yao jinsi mambo yanavyokwenda: haki huombwa, tena kwa sauti tamu, na aliyekuwa na wajibu huondoka na zawadi ya mbuzi.

Somo la pili hutolewa katika semina. Kwa miaka kadhaa sasa hakuna shule inayojiheshimu ambayo haijawahi kumwita mhamasishaji kabla ya mitihani. Semina huitwa ya kujitambua, ya kutimiza ndoto, au ya maandalizi ya kisaikolojia. Mhamasishaji huja na maiki ya kichwani na hadithi ya maisha yake: alizaliwa katika umaskini, alidharauliwa, alikataa kukata tamaa, leo ana magari. Wanafunzi hutakiwa kusimama, kufumba macho, kunyoosha mikono na kurudia kwa sauti kubwa kwamba watafaulu. Baadhi hulia. Walimu huridhika, kwa maana machozi huonekana kuwa ushahidi kwamba ujumbe umefika.

Ujumbe wenyewe ni upi? Ni kwamba anayefeli amechagua kufeli, na kwamba umaskini ni wa fikra. Ujumbe huo hutolewa katika shule ambayo mwalimu wa fizikia hajaonekana tangu kidato cha pili, ambayo wanafunzi watano husoma kitabu kimoja, na ambayo mtoto ametembea kilomita nyingi alfajiri bila kunywa chai. Matokeo yakitoka na kijana amepata daraja sifuri, ataikumbuka semina. Atakumbuka kwamba aliambiwa kila kitu kiko mikononi mwake. Atahitimisha kwamba kasoro ni yake, na halmashauri yake, wizara yake na mbunge wake watalala usingizi mnono. Sijui dawa ya usingizi ya watawala iliyo bora kuliko kijana anayeamini kwamba hakuna wa kumuuliza swali isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwa wasichana semina huwa na sehemu yake maalumu. Hutengwa katika chumba chao na kuonywa dhidi ya chipsi, lifti za bodaboda na zawadi za simu. Onyo si baya. Lakini angalia kinachonyamaziwa. Haizungumzwi njia ndefu inayomfanya msichana ahitaji lifti. Haizungumzwi geto analopanga karibu na shule kwa kuwa hakuna bweni. Hatajwi mtu mzima anayemwinda, achilia mbali mtu huyo anapokuwa na cheo. Na je, semina hiyo humwambia msichana kwamba mwezi Novemba 2021 Serikali iliondoa katazo na kuruhusu waliojifungua warejee katika shule za mfumo rasmi? Anayesimama mbele ya wasichana kuzungumzia mimba kwa saa tatu bila kuwaeleza haki hiyo amewaficha jambo linaloweza kuokoa maisha yao.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo waathirika wanapohesabika. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, Serikali ilifuta ada katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne. Ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa shule ya bweni. Mwaka 2022 utaratibu huo ukapanuliwa hadi kidato cha tano na sita. Hesabu ni rahisi. Mchango wa mahafali ukifika shilingi 20,000, ada nzima ya mwaka ya shule ya kutwa imerejea kwa mlango wa uani. Ukiongeza kodi ya joho, picha, fulana ya wahitimu na mchango wa semina, mzazi atakuwa amelipa zaidi ya kile ambacho Serikali ilijigamba kumpunguzia.

Nitajibiwa kwamba michango hii ni ya hiari na imepitishwa na kikao cha wazazi. Hiari inayosomwa majina paredini ni hiari ya namna gani? Kikao alichohudhuria mzazi mwenye gari kinapoamua kwa niaba ya mzazi anayeuza mchicha, uamuzi huo unaitwa wa pamoja kwa adabu tu. Asiyelipa hakatazwi kuja, ni kweli. Anaruhusiwa kuja bila joho, akae nyuma, asiitwe jukwaani, aangalie wenzake wakipigwa picha. Wengi wa hao huamua kubaki nyumbani. Ndiyo kusema wanakosa hata ile siku moja ambayo shule ingewaambia kwamba miaka minne waliyovumilia ilionekana na mtu.

Halafu kuna jambo la kalenda, ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la hasara. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mahafali hufanyika kabla yake. Tunawavika joho vijana ambao hawajamaliza, tunawapa cheti cha kuhitimu kile ambacho hawajakihitimu, kisha Jumatatu tunawarudisha darasani tukishangaa kwamba akili zao ziko kwenye picha. Maandalizi yenyewe hula wiki: mazoezi ya kwaya, usafi wa mazingira, kupamba, kuhesabu viti. Wiki hizo hukatwa kutoka katika muda uleule ambao mwalimu wa taaluma anaulilia kwamba hautoshi kumaliza mada.

Wenzetu wa Kenya walilitazama jambo hili kutoka upande mwingine. Mwaka 2016 waziri wao wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipiga marufuku siku za maombi, siku za kutoa zawadi na ziara za wazazi shuleni katika muhula wa tatu, akizihusisha shughuli hizo na mianya ya wizi wa mitihani. Hatua ile inathibitisha kwamba desturi ya shule si amri ya mbinguni na kwamba dola ikitaka inaweza kuigusa. Hata hivyo sioni kuwa marufuku ndiyo dawa yetu. Ukifuta sherehe na ukaacha uhusiano uleule kati ya mwanafunzi na mkubwa, unyonge utahamia kwenye shughuli nyingine. Tunachohitaji ni kumrudishia mwanafunzi kipaza sauti.

Wala jambo hilo si geni kwetu. Jukwaa la shule limewahi kuwa mahali pa hoja. Ngonjera, aliyoieneza Mathias Mnyampala na ambayo vitabu vya Ngonjera za UKUTA viliingiza mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni ushairi wa majibizano. Mmoja anadai, mwingine anapinga, wa tatu anauliza. Ni kweli ilitumika kueneza siasa ya Ujamaa, na mara nyingi mshindi wa mjadala alijulikana kabla haujaanza. Lakini umbo lake lilimzoesha mtoto kusikia hoja mbili zikipambana mbele ya wazazi na viongozi. Ngonjera tunayoisikia leo katika mahafali imebaki na vina na mizani, majibizano yamekufa. Wanafunzi wote wako upande mmoja, upande wa kumsifu mgeni.

Mfano ulio karibu zaidi ni mradi wa Tuseme. Ulianzishwa mwaka 1996 na wanazuoni wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Jina lake ndilo falsafa yake. Wasichana hawakuletewa mtu wa kuwahamasisha. Walikaa wakayataja wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, wakatafuta vyanzo vyake, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na jamii, kisha mjadala ukafuata juu ya nani afanye nini. Baadaye shirika la FAWE liliuchukua utaratibu huo na kuueneza katika nchi nyingine za Afrika. Fikiria hilo, ndugu msomaji. Tulibuni hapa hapa namna ya semina inayomfanya msichana aseme, tukawauzia wenzetu, kisha sisi tukarudi kukodi watu wa kuja kumwambia afumbe macho.

Kwa upande wa sayansi, maonyesho ya Young Scientists Tanzania yanadhihirisha jambo hilohilo. Wanafunzi huchagua tatizo katika mazingira yao, hulichunguza, na husimama mbele ya waamuzi kulitetea. Anayetetea utafiti wake kuhusu maji ya kijiji chao hahitaji kuambiwa kwamba anaweza. Ameshaweza. Linganisha na yule anayemwonyesha mgeni rasmi rangi ikibadilika ndani ya bomba la kioo, kwa maneno aliyokaririshwa, akiomba dua asiulizwe swali.

Nawasikia wanaonipinga, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Wanasema vijana wana haki ya kufurahi. Wana haki, tena kubwa. Shule isiyo na ngoma, michezo na chakula cha pamoja ni kambi ya jela. Ninachopinga ni furaha inayowafungia nje maskini na kuwaacha wenye siku wakiwa wapambe wa mgeni. Wanasema pia kwamba harambee ndiyo iliyojenga shule zetu. Ni kweli. Shule za kata zilizoenea kwa kasi tangu katikati ya miaka ya 2000 zilisimama kwa nguvu za wananchi waliobeba mawe na mchanga. Lakini mwananchi aliyebeba jiwe alikuwa mwenye shule. Aliuliza maswali kijijini kwake na alijua jiwe lake liko ukuta gani. Harambee ya mahafali haina uhusiano na hilo. Ni mnada wa ukarimu ambao wenye nacho hutajwa majina, na hesabu zake baada ya siku hiyo hazibandikwi popote.

Hoja ya tatu ni ya walimu wakuu, nami naiheshimu. Wanasema: tukiacha kuomba, hatupati chochote, kwa maana ruzuku haitoshi na maombi yetu ya kiofisi hayajibiwi. Mkuu wa shule anayemwalika tajiri ili apate matundu ya vyoo hafanyi kosa la tabia. Amebanwa. Lakini kila mara uzio unapopatikana kwa bahasha ya mgeni, ofisi iliyopaswa kuujenga hupata ruhusa ya kusahau. Tatizo la shule moja hutatuliwa na la shule kumi jirani, zisizo na mgeni mwenye bahasha nene, huachwa kama lilivyo. Ndivyo usawa unavyokufa huku tukipiga makofi.

Yapo mambo yanayoweza kubadilishwa msimu huu huu, bila kusubiri sera mpya na bila kuomba fedha kwa mtu. Kwanza, risala iandikwe na wahitimu wenyewe, ijadiliwe katika baraza la wanafunzi, na mwalimu awe mshauri wa lugha tu. Pili, kabla risala mpya haijasomwa, isomwe taarifa fupi ya utekelezaji wa risala iliyopita: kipi kiliahidiwa, na nani, kimefika wapi. Tatu, ile sentensi ya walioacha shule ipewe nafasi yake. Isemwe ni wangapi, waliacha katika kidato kipi, na ofisi ya kata ilichukua hatua gani. Nne, hakuna mhitimu atakayezuiwa kuvaa anachovaa mwenzake. Kama majoho hayawezi kuwatosha wote, basi wote wavae sare ya shule, ambayo ndiyo vazi lao halali. Tano, mapato na matumizi ya sherehe yabandikwe katika ubao wa matangazo ndani ya wiki mbili.

Kuhusu kalenda, naelewa kwamba wanafunzi hutawanyika siku ya karatasi ya mwisho na ni vigumu kuwakusanya tena. Basi kinachofanyika kabla ya mtihani kiitwe siku ya kuagana, kiwe cha nusu siku, kisicho na mgeni wa mbali wala mazoezi ya wiki tatu. Na kuhusu semina, sharti moja linatosha: nusu ya muda iwe ya maswali ya wanafunzi. Mhamasishaji asiyeweza kuulizwa arudi alikotoka. Nafasi yake wapewe muuguzi wa zahanati ya kata, fundi umeme wa mtaani, karani wa mahakama ya mwanzo, mkulima aliyemaliza shule hiyohiyo. Hawa hawana maiki ya kichwani, lakini wanajua maisha yanayomsubiri kijana wa hapo.

Sisi tunaofundisha vyuo vikuu tunavuna kilichopandwa huko. Tunapokea vijana wenye akili nyingi ambao, mhadhiri anapomaliza kusema na kuuliza kama kuna swali, huinamisha vichwa. Tunawalaumu kwamba hawasomi, hawahoji, hawathubutu. Wamekaa miaka minne au sita katika shule ambazo siku yao kubwa kuliko zote waliitumia kusoma karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, na kushukuru kabla hawajapewa. Tulitarajia wajifunzie wapi kuhoji?

Kwa hiyo nawaambia watumishi wa umma mnaosoma hapa, hasa mlio katika ofisi za elimu na halmashauri: mkialikwa kuwa wageni rasmi mwaka huu, nendeni na majibu ya risala iliyopita kabla ya kwenda na bahasha. Wanaharakati, ombeni kuona hesabu. Nanyi wanafunzi, dada mkuu na kaka mkuu mnaotafutiwa karatasi ya kusoma, iombeni kalamu kwanza. Wahenga walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni rasmi wetu wamekula siku nyingi mno. Wapeni jembe.